Nalipwa kwa Hofu na Mashaka

Mama, shikamoo. Baba Mdogo na Shangazi, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo?

Mimi huku Dubai ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Maneno haya tulikaririshwa shuleni bila kuyatafakari. Siku hizi ndiyo ajira yangu: nahofu kwa zamu ya saa 12, kisha namkabidhi mwenzangu, naye anaanza kushuku pale nilipoishia.

Nasikia mtaani mmeshanipandisha cheo. Shangazi anasema mimi ni rubani. Baba Mdogo kamsahihisha, eti mimi ndiye bosi wa marubani. Hapana, jamani. Nakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, mbele yangu skrini kubwa inayoonyesha kila ndege ya shirika letu ilipo. Huyu anafuatilia hali ya hewa, yule anapanga njia, wale mafundi wanajibu simu za injini, nami niko meza ya usalama. Taa hazizimwi usiku wala mchana. Idi tunakula biriani kwa kupokezana, jicho likiwa ukutani.

Kuhusu saa ninazopiga simu, tusigombane. Usafiri wa anga dunia nzima unafuata saa moja tu, iitwayo Zulu, isiyojali jua limechomoza kwa nani. Mama akichemsha chai saa moja asubuhi, ukutani kwangu ni 04:00 Zulu, simu yangu inasema 08:00 za Dubai, na mwili unadai ni usiku wa manane. Kwa hiyo nikiahidi kupiga saa nne, ulizeni kwanza: saa nne ya nani?

Kazi yenyewe ina tarakimu zake. Rubani akipatwa na jambo, huingiza namba ya tarakimu 4 ionekane kwenye rada: 7700 ni dharura, 7600 redio imekufa, 7500 ametekwa. Lakini wengi wanaopotea hewani hawajatekwa na mtu. Rubani kaambiwa ahamie masafa mengine, kakosea tarakimu moja, sasa anapaa kwa raha zake, kimya kama mume aliyepokea mshahara Ijumaa. Tofauti ni kwamba huyu akizidi kunyamaza juu ya Ulaya, ndege za kivita hupandishwa zije kumchungulia dirishani. Sisi tunamwahi kwa ujumbe wa maandishi: tafadhali ita kwenye 121.5, masafa ya dharura, kabla hujapata wageni.

Kuna na milima. Novemba 2025, volkano ya Hayli Gubbi kule Afar, Ethiopia, ililipuka, majivu yakavuka Bahari ya Shamu, yakapita Yemen na Oman hadi India bila pasipoti. Majivu hayo huyeyuka ndani ya injini, kisha yanaganda humohumo. Mwaka 1982 jumbo moja ilizimikiwa injini zote 4 karibu na Java kwa majivu ya Galunggung, kabla hazijawaka tena. Ndiyo maana dunia ina vituo 9 vya kufuatilia majivu. Afrika inaangaliwa na kile cha Toulouse, Ufaransa.

Moja silifanyii mzaha. Tarehe 17 Julai 2014 ndege ya Malaysia, safari MH17, ilitunguliwa mashariki mwa Ukraine ikiwa futi 33,000. Anga lilikuwa limefungwa hadi futi 32,000 tu. Walikufa watu wote 298. Tangu hapo karatasi ikisema anga liko wazi, watu wa meza yangu huuliza tena na tena nani ana kombora huko chini.

Sasa Mama, safari yako ya Desemba. Pawabenki ibebe mkononi, usiitie kwenye sanduku la chini: betri ya lithiamu ikianza kufuka moshi kabini, wahudumu wataiona na kuizima, kule chini haina shahidi. Achari na mafuta ya nazi vitie sanduku kubwa, maana chupa ya zaidi ya mililita 100 utanyang'anywa ukaguzini. Baba Mdogo atakayekusindikiza, nakuomba kwa heshima: ukiulizwa sandukuni mna nini, usijibu "bomu". Utani ni mila yetu, lakini yule askari si mtani wako, hakuzika kwenu wala hamkuzika kwao. Nawe Shangazi, siwezi kuiambia ndege ikusubiri umalize kusuka.

Nikikabidhi zamu, ripoti bora ni ile isiyo na cha kusimulia. Ndiyo maana barua zangu zinawachosha, na ndiyo maana Baba Mdogo ameuliza mbele ya ukoo: kama hakuna linalotokea, hawa Waarabu wanamlipa kwa lipi? Swali zuri sana, Baba Mdogo. Mwisho wa mwezi nitatuma hela kama kawaida. Zikishaingia kwenye simu yako, liulize tena.

Wasalaam,
Mwanenu wa Dubai