Baba Paka

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, paka hawafugwi, wanahamia. Karani aliingia wakati wa masika, akapanda juu ya meza ninayosahihishia madaftari, na hadi leo hajashuka isipokuwa kwa kula. Chongo aliachwa na jirani aliyehama. Kadogo alizaliwa chini ya kabati la vyombo, na sasa ndiye mkubwa kuwashinda wote. Chakula chao kilikuwa kile kile cha nyumba: ugali uliochovywa mchuzi wa samaki, vichwa vya dagaa, ngozi ya changu, na Ijumaa pilau iliyobaki. Wakinenepa tunamshukuru Mungu. Wakikonda tunawaambia wakawinde.

Utaratibu huo ulidumu mpaka shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, alipokuja likizo kutoka Leicester. Huko ana paka wawili ambao, kwa picha alizotuonyesha, manyoya yao yanang'aa kuliko nywele za bi harusi. Jioni ya kwanza tu alimkuta Kadogo ameinamia sahani ya ugali, akashika kiuno.

"Shemeji, hivi mnyama huyu amewakosea nini?"

Nikamwambia hajakosa kitu, anakula.

"Paka mla nyama tangu kuumbwa, wewe unampa sembe! Hata utamu wa sukari ulimi wake hauujui. Nyama mbichi, mfupa, ini, moyo. Basi."

La sukari alisema kweli. Mwaka 2005 watafiti walieleza kwamba jeni mojawapo ya kuonja utamu imekufa kwa paka. Mengine pia aliyasema sawasawa. Sisi tunakula karoti na mchicha, mwili unajitengenezea vitamini A. Paka hawezi, lazima aikute tayari ndani ya ini au mafuta ya mnyama. Halafu kuna taurini, iliyomo kwenye nyama na kwa wingi zaidi kwenye moyo. Mwili wa paka hautengenezi ya kumtosha, na akiikosa muda mrefu huweza kupofuka, au moyo wake ukatanuka na kuchoka. Kwa hiyo nyumbani hatukubishana kama paka ale nyama. Tulibishana kama ipikwe, na nani ajuaye hesabu yake.

Shemeji alikuwa nayo hesabu, kaiandika kwenye simu: katika kila mia, 80 nyama, 10 mfupa, 5 ini, 5 ogani nyingine, yaani figo au bandama. Moyo na firigisi huhesabiwa nyama. Mfupa haukosekani kwa sababu mnofu mtupu una fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu. Mtoto wa paka akilelewa kwa mnofu tu, mwili unachota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe, hata akiruka kutoka kitini anaweza kuvunjika mguu. Ini nalo halitaki ukarimu. Likizidi kwa miezi, vitamini A hujazana mwilini, pingili za shingo zikashikana, paka akawa hawezi kugeuka kujilamba. Hapo nikaelewa kwa nini mgeni wetu alisafiri na mizani ndogo ya jikoni ndani ya begi.

Tukaenda soko la Mgandini. Mwenye bucha letu, anayetuuzia tangu watoto hawajaanza shule, alisikiliza kwa makini: moyo kilo moja na nusu, mnofu kilo moja na nusu, ini robo, figo robo, shingo za kuku tutazichukua upande wa pili. Akaweka kisu chini.

"Mwalimu, nyumbani kuna mgonjwa?"

Shemeji akaniwahi. "Ni ya paka."

Bucha likanyamaza. Mama mmoja aliyekuwa akipimiwa utumbo nusu kilo akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. Tangu siku hiyo pale siitwi tena Mwalimu. Naitwa Baba Paka, na hata nikinunua mifupa ya supu lazima niulizwe, "Hii ya wenyewe au ya kwenu nyie?"

Mashine ya kusagia nyama tulinunua ya mkono, ile ya chuma inayofungwa kwa skrubu kwenye ukingo wa meza. Mnofu ulipita vizuri. Moyo ulipita kwa kusukumwa. Shingo za kuku ndizo zilizotuonyesha rangi yake. Tulidhani ni za kuku wa kisasa, ambao mfupa wao ni laini, kumbe muuzaji alitufungia za kuku wa mayai waliostaafu. Shemeji akazungusha mpini, mfupa ukalia kwaa, meza ikasogea hatua moja na sote tukasogea nayo. Akazungusha tena. Mashine ikatema kipande cha ngozi, ikakwama, kisha kukasikika mlio ambao hakuna kuku anayeweza kuutoa. Kufungua tukaona kisu kimemeguka ncha.

Sasa ncha iko wapi? Iko ndani ya kilo tano za nyama nyekundu iliyosagika. Kijana wangu akang'oa sumaku ya spika kwenye redio mbovu, akaifunga ndani ya mfuko wa nailoni, na jopo zima likakaa kuizunguka sinia, tukitandaza nyama kidogo kidogo na kupitisha sumaku taratibu. Ilipatikana karibu na Magharibi. Muda wote huo Chongo, mwenye jicho moja tu, alikuwa chini ya meza na kipande cha moyo kisichosagwa, bila mizani wala asilimia.

Mama mkwe wangu aliyatazama haya yote kutoka kwenye kigoda chake barazani. Mwishowe alisema: "Mimi nimelea watoto saba na paka wasio na idadi. Figo ya kumpimia paka sijawahi kuisikia."

Usiku ule binti yetu alipiga simu kutoka Morogoro. Anasomea tiba ya wanyama pale Sokoine, na habari za mashine zilikuwa zimeshamfikia. Alimsalimu mama yake mdogo kwa adabu zote, shikamoo na habari za safari, kisha wakakamatana. Shemeji alitoa silaha yake kubwa: daktari Francis Pottenger wa California, aliyewalisha mamia ya paka kuanzia 1932 hadi 1942. Waliokula nyama mbichi walistawi. Waliokula ya kupikwa walidhoofika, wakazaa vitoto dhaifu, kizazi baada ya kizazi.

"Ni kweli, mama mdogo," binti akasema, "lakini miaka ile hakuna aliyejua habari ya taurini kwa paka. Ya macho ilijulikana 1975, ya moyo 1987. Ukiichemsha nyama, taurini nyingi inahamia kwenye supu, na ukiimwaga supu umemwaga na chakula. Kosa si la moto, ni la chakula kilichopungukiwa."

"Na mbichi ina kosa gani?"

Akamtajia. Salmonela inaishi kwenye nyama mbichi, hasa ya kuku, na friza haiiui, inailaza tu. Paka anaweza kuonekana mzima na bado akaitoa kwenye kinyesi. Samaki wabichi wa aina kadhaa wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, ndiyo maana dagaa ni heri wachemshwe. Mwaka 2004 kwenye bustani ya chui milia huko Thailand, wanyama zaidi ya 100 walipotea kwa mafua ya ndege baada ya kulishwa kuku wabichi. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Mke wa kaka yupo hapo?"

Alikuwepo, tena na mimba ya miezi mitano. Paka anaweza kupata kimelea cha toksoplasma kwenye nyama mbichi, akatoa mayai yake kwenye kinyesi wiki moja hadi tatu. Mama mjamzito ambaye hajawahi kuambukizwa akiyapata, mtoto tumboni yuko hatarini. Lakini mayai hayo yakitoka hayaambukizi papo hapo. Huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Kwa hiyo mchanga wa paka uchotwe kila siku, na mkaza mwana asiuguse. Nani atauchota? Mama watoto akanitazama mimi. Mama mkwe akanitazama mimi. Karani, juu ya madaftari, akanitazama mimi.

Asubuhi sahani tatu zikawekwa uani, kila moja imepimwa. Karani alinusa, akarudi nyuma hatua mbili, kisha akaanza kuparuza sakafu kwa mguu wa mbele, taratibu na kwa bidii, vile afanyavyo akifukia haja yake. Alipoona saruji haichimbiki akavuta kipande cha gazeti, akafunika sahani, akaondoka. Chongo aliokota vijipande vya moyo kimoja kimoja, akaacha ini, figo na mfupa vimepangana ukingoni. Hesabu yote ikavunjika pale pale. Kadogo alimaliza sahani yake, akamaliza ya Chongo, akafunua gazeti akamaliza na ya Karani. Baada ya hapo akaingia ndani kwa mwendo wa mtu mwenye siri, akatapika juu ya mswala wa mama mkwe.

Sitaandika yaliyosemwa.

Vita vya pili vilikuwa vya friza. Mle ndani mama mkwe hugandishia barafu za ukwaju na ubuyu anazowauzia watoto wa mtaa, na sasa makopo ya nyama yalikuwa yamepanga naye ukuta mmoja. Alipopata habari kwamba friza haiui salmonela, alitoa barafu zake zote, akazimwaga, akaosha friza kwa maji ya moto na sabuni, na kutoa hukumu: "Ama ukwaju wangu, ama maiti zenu." Mama watoto akaomba muhula mpaka likizo ya mdogo wake iishe. Akapewa, kwa masharti.

Kisha ikaja harusi ya Pangani. Tulikwenda wote, tukalala huko. Kuhusu umeme wa LUKU, mama watoto alijua kijana amenunua, kijana alijua mimi nimenunua, na mimi nilikuwa ninachota mchanga. Uniti ziliisha tulipokuwa tunakula biriani. Tuliporudi tulikutana na harufu kona ya barabara, kabla ya kuiona nyumba. Maji mekundu yalikuwa yametambaa kutoka chini ya friza hadi mlango wa stoo, siafu wamejipanga pembeni, na kutoka stoo panya wa kila umri wametokeza kuhudhuria.

Na paka? Karani alikuwa katikati ya ukumbi, ameshika panya kwa miguu miwili. Alianza kichwani, akaenda mpaka mwisho, mfupa, moyo, ini na figo, bila kutema, akaacha kijifuko cha tumbo na mkia. Chongo alikuwa kwenye panya wake pembeni. Shemeji alisimama na viatu mkononi, akatazama muda mrefu, kisha akasema polepole, "Ndiyo hiyo. Ndiyo hesabu yenyewe." Mama mkwe akamjibu kwamba hesabu hiyo ilikuwa stoo siku zote, hakuna aliyekwenda sokoni kuinunua.

Shemeji amesharudi Leicester. Paka wetu sasa wanakula chakula cha dukani kilichokamilika, kwa agizo la Morogoro, na Ijumaa wanapata moyo wa ng'ombe uliochemshwa bila kitunguu wala kitunguu saumu, maana vyote viwili ni sumu kwao, na supu yake inamwagiwa humo humo. Ugali wanauiba. Friza imerudi kwa mwenyewe, na barafu za ukwaju zinapatikana kuanzia saa nane mchana.

Mashine ya kusagia nyama inauzwa. Kisu kimemeguka ncha, ncha ipo. Bei ya maelewano. Fika Mgandini uulize Baba Paka.