M Moja, M Mbili

Leo ni siku ya nne sipiti mbele ya kibanda cha chai kinachotazamana na ofisi yetu. Nazunguka nyuma, napenya kwenye uchochoro wa zizi la mbuzi, naruka mtaro, naingia kwa mlango wa jikoni kama mwizi wa sukari. Pale kibandani wamekaa watu wanaonidai shilingi elfu moja kila mmoja. Ingekuwa nimezila hizo pesa, ningeeleweka. Mla pesa za watu anajulikana Mandera, ana hata watu wa kumtetea. Mimi sikula kitu. Niliwabadilisha majina.

Niliwabadilisha kwa nia njema, na kwa kubonyeza mara moja.

Shirika linaloniajiri, ambalo sitalitaja kwa kuwa mwezi haujaisha, lina mwongozo wa uandishi wenye kurasa 64. Humo imeelezwa mkato unakaa wapi, namba zinaandikwa lini kwa tarakimu na lini kwa maneno, na ni nani anayestahili kuitwa "mnufaika". Makao makuu waliona ni vyema kukusanya maoni ya watumiaji: mwongozo unaeleweka? Unasaidia? Wapi pagumu? Mimi nikaangukiwa na Mandera. Watumiaji ni wale wanaotuandikia ripoti kutoka mashinani: walimu, manaibu wa chifu, wahudumu wa afya ya jamii, watangazaji wawili wa redio, na wazee wa kamati za maji. Nikakodi ukumbi, nikaagiza anjera na chai ya maziwa ya ngamia, nikachapisha fomu ya maswali 20 yenye alama kuanzia 1 hadi 5. Wakaja watu 31.

Kila aliyeingia aliandika jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu kwenye karatasi ya mahudhurio, maana nauli ilikuwa ilipwe kwa M-Pesa. Usiku nikaketi kuichapa ile karatasi, ari ya mwongozo ikiwa bado imenipanda kichwani. Nilipomaliza nikaitazama nikaona haya. Mohamed, Mohammed, Muhamad, Mahamed, Maxamed, Mohamud, Mohamoud. Karibu kila mstari ulikuwa na mmoja wao, na mistari mingine wawili. Ukurasa wa 22 wa mwongozo haumung'unyi maneno: jina hili liandikwe Mohamed, kwa m moja katikati na e kabla ya d, kila mahali, siku zote. Ningesimamaje mbele ya watu kuutetea mwongozo huku karatasi yangu mwenyewe inauvunja juu hadi chini? Nikafungua ile amri ya tafuta-na-ubadilishe, nikaiorodheshea kila tahajia niliyoiona, nikabonyeza. Kompyuta ikaniarifu kwa fahari kwamba imebadilisha maneno 26. Nililala usingizi wa mtu aliyefagia uwanja.

Hapa sina budi nieleze jina la Kisomali linavyofanya kazi, kwa sababu tangu yanipate nimelisoma kwa bidii ambayo sikuwahi kuipa somo lolote la mtihani. Jina la Kisomali halina kile kipande cha mwisho kinachoitwa jina la familia. Ni msafara. Mbele unatembea wewe, nyuma yako baba, nyuma yake babu, na ukiendelea kuita wanaendelea kuitika, kizazi baada ya kizazi, hadi unafika kwa jadi mwenyewe aliyeanzisha ukoo. Kuna watoto wa Mandera wasiojua jedwali la saba lakini watakutajia mababu kumi na zaidi bila kupumua. Serikali hushika watatu wa mbele tu, wengine wakabaki nyikani. Ndiyo maana rais wa Somalia wa kuanzia 2017 hadi 2022 aliitwa Mohamed Abdullahi Mohamed. Si kwamba karani alisinzia akarudia neno. Ni Mohamed wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na Abdullahi kati yao.

Aliyemtangulia, ambaye pia ndiye aliyempokea kiti mwaka 2022, ni Hassan Sheikh Mohamud. Hapo ndipo nilipojikwaa. Mohamud si Mohamed aliyeandikwa vibaya. Ni jina jingine, lina mtu mwingine ndani yake, kama Salim alivyo mbali na Suleiman hata kama herufi zao zinasalimiana. Kwa ile amri yangu ya kubonyeza ningewafanya marais hao wawili ndugu wa damu, jambo ambalo siasa za Mogadishu hazijaliweza.

Basi karatasi ya malipo ikatoka ikiwa na wazee sita waliobadilishiwa baba, wanne waliobadilishiwa babu, na naibu wa chifu mmoja ambaye, ukimsoma kama alivyochapwa, amejizaa.

Mhasibu wetu ni mtu wa haki asiyecheka. Alilinganisha majina yangu na nakala za vitambulisho, kisha na majina yanayotokea kwenye simu kabla ya kutuma pesa. Hayakuoana. Akanirudishia faili lenye kijikaratasi cha njano kilichoandikwa maneno matatu: "Hawa ni nani?" Na kwa kuwa karatasi ya malipo ni moja na saini ya kuiidhinisha ni moja, walikosa nauli wote 31, hata wale ambao ukoo wao mzima haujapata kuwa na Mohamed.

Kesho yake nilikwenda kibandani kujieleza. Nilianzia mbali, kwenye umuhimu wa kuandika kwa utaratibu mmoja. Mzee mmoja wa kamati ya maji, mwenye ndevu zilizokolea hina, alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Adeer," akaniita.

Adeer ni ndugu wa baba, na Wasomali wana adabu moja ninayoihusudu: mkubwa humrudishia mdogo cheo kilekile anachoitwa nacho. Wewe ukimwita adeer, naye atakuita adeer. Ni heshima inayokwenda na kurudi kama shuka ya kuazima. Siku ile ilirudi na upanga ndani.

"Adeer, baba yangu Mohamud amezikwa Rhamu. Nenda ukamweleze yeye."

Kibanda kizima kilianguka kicheko. Mwenye chai alimwaga maziwa jikoni, nadhani na hayo yameongezwa kwenye deni langu.

Nilirudi ofisini nikajifungia na historia ya herufi. Ni hadithi tamu kuliko kurasa zote 64. Somalia ilipata uhuru wa bendera mwaka 1960 lugha yake ikiwa haina maandishi rasmi. Kulikuwa na waliotaka herufi za Kiarabu, waliotaka za Kilatini, na waliotaka Osmania, alfabeti aliyoibuni Osman Yusuf Kenadid ambayo haifanani na nyingine yoyote. Walibishana miaka kumi na miwili. Tarehe 21 Oktoba 1972, katika kuadhimisha mwaka wa tatu wa mapinduzi yake, Rais Siad Barre alikata shauri: Kilatini, kwa mfumo wa Shire Jama Ahmed. Sababu moja iliyoupa nguvu mfumo huo inanifurahisha kila nikiifikiria. Haukuwa na nukta za juu wala vistari vya chini, kwa hiyo ungeweza kuchapwa kwa taipureta zilizokuwapo maofisini. Herufi zisizokuwa na ajira zikaajiriwa. X ikapewa kazi ya ile h nzito ya kooni. C ikapewa ayn, sauti ambayo Waswahili wengi tuliimeza zamani tukabaki na Ali na Omari wepesi. Irabu ndefu ikaandikwa mara mbili. Ndiyo unapata Xasan, Cali, Cumar, na ndiye Mohamud wetu akivaa nguo za nyumbani: Maxamuud. Mwaka 1974 wanafunzi wa sekondari walitawanywa nyikani kuwafundisha wafugaji kusoma.

Lakini hayo yalikuwa ng'ambo. Mandera iko kwenye kona ambapo Kenya, Ethiopia na Somalia zinagusana: mto Daua hapa, Bula Hawa pale, unakwenda kwa miguu. Waliosoma upande huu walisoma Kiingereza na Kiswahili, majina yao yakaandikwa kama yalivyoingia sikioni mwa karani wa siku hiyo, na karani huyo huenda alitoka Murang'a au Siaya. Kwa hiyo binamu wawili waliorithi jina moja la babu mmoja wanaandikwa tofauti, na kila mmoja yuko sahihi upande wake. Hata Bula Hawa yenyewe kwa Kisomali ni Beled-Xaawo. Elwak ni Ceelwaaq, kisima cha Waaq, na Waaq ni jina la Mungu la tangu kabla ya Uislamu. Mwongozo wetu umeamua iwe El Wak, kwa nafasi katikati, na kisima kimekatwa kutoka kwa mwenyewe.

Siad Barre, ambaye wananchi walimpachika jina la Afweyne, yaani mdomo mkubwa, hakugawa fomu ya alama 1 hadi 5. Wala kamati ya lugha ya 1930, iliyosimamia Kiunguja kuwa Kiswahili sanifu, haikugawa fomu Mombasa, ambako mpaka leo mtu akiambiwa "ndoo" haendi kutafuta maji, anakuja.

Ama fomu zangu mimi, watu 28 waliweka 5 kila mahali, likiwamo swali la tisa lisemalo "Mwongozo huu unanichanganya".

Mwaliko niliuandika "saa 8:00" kama ukurasa wa 31 unavyotaka. Nusu ya watu walifika saa mbili asubuhi na nusu saa nane mchana, wakala anjera mbili tofauti.

Mama mmoja aliuliza mnufaika ni nani. Nikamsomea fasili yote. Akasema mtu huyo hajawahi kumwona, lakini akionekana aambiwe tangi la maji limepasuka.

Kuna mmoja hakucheka siku ile kibandani. Ni kijana, mwalimu wa chekechea, alibaki kukunja viti wengine walipoondoka. Alinisimulia alivyokwenda kuomba kitambulisho alipotimiza miaka 18. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na Mohamed wa m moja. Kitambulisho cha baba yake kilikuwa na Mohammed wa m mbili. Akaulizwa dirishani kama huyo ni baba yake au ni jirani. Akaenda kutafuta hati ya kiapo, barua ya chifu, wazee wa kuja kuapa kwamba walikuwapo siku ya aqiqa yake. Miaka miwili ikapita, na muda wote huo asingeweza kusajili laini ya simu kwa jina lake wala kupita kizuizi cha barabarani bila moyo kumdunda. Kwingine Kenya karani akikosea herufi, kosa ni la karani. Huku kosa huwa la aliyezaliwa. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya, watu wazima wenye vitambulisho mifukoni, walipangwa foleni wasailiwe upya na kupewa kadi za rangi ya waridi kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Usaili wa ziada kwa waombaji wa vitambulisho uliendelea kwa sura nyingine hadi Februari 2025, Rais William Ruto alipotangaza akiwa Wajir kwamba unakomeshwa. Miaka 36. Kijana huyu alizaliwa ndani yake, akakulia ndani yake, halafu siku moja akaalikwa kunywa chai na shirika lenye nia njema, akaandika jina lake vizuri kama lilivyo kwenye kile kitambulisho alichokitolea jasho, na mimi nikalifuta.

Nilichambua fomu yake. Swali la 14 linauliza kama kanuni zetu za majina zinawaheshimu wenyeji. Ameweka 5. Nilimuuliza kwa nini.

"Mwalimu," akasema, "fomu si ilikuwa na nafasi ya kuandika jina na nambari ya kitambulisho?"

Usiku huo nilichapa upya majina yote 31, herufi kwa herufi, kutoka kwenye nakala za vitambulisho, kidole kimoja kwenye karatasi na kimoja kwenye kompyuta. Kisha nikawaandikia makao makuu kwamba pendekezo la Mandera ni moja tu: jina la mtu liandikwe kama mwenyewe anavyoliandika. Walijibu haraka isivyo kawaida. Wamelipenda sana wazo hilo. Litaingizwa kwenye rasimu ya toleo lijalo, ili likusanyiwe maoni.

Asubuhi hii nimepita uchochoroni, nikaruka mtaro, nikasukuma mlango wa jikoni. Mzee wa ndevu za hina alikuwa amekaa ndani juu ya jerikeni, fimbo magotini, anakunywa chai ya ofisi.

"Adeer, leo baba yangu ni nani?"

"Mohamud, adeer."

"U ngapi?"

"Kwa kitambulisho, moja. Kwa Kisomali, mbili."

Alitikisa kichwa kama mwalimu anayemaliza kusahihisha. "Na elfu yangu?"

Nikamwambia mhasibu ameahidi kesho. Akainuka, akanikabidhi kikombe kitupu, akasimama mlangoni.

"Kesho ya m moja, au ya m mbili?"