Misingi ya Elimu ya Pichauzo

Mwanafunzi, zima feni, kaa wima, kalamu mkononi. Somo la leo binadamu amelingoja tangu siku ile mtu wa kwanza alipotandaza mali yake chini na kumwita mpita njia.

Tuanze na fasili, maana asiye na fasili ni dalali tu. Pichauzo ni taswira iliyopigwa na muuzaji mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe, ya mali iliyo yake au anayodai kuwa yake, kwa nia ya kumfanya mtu asiyemjua aandike "bei gani?". Taswira ikimfanya mtu huyo aandike "hicho ni nini?", imeshatoka kwenye fani yetu. Inaitwa kitendawiliuzo, nayo ina mhadhara wake.

Mizizi ya taaluma hii ni mirefu kuliko unavyostahili kuambiwa siku ya kwanza. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia machoni, wala macho hayatoi miale yoyote. Kitabu kizima hakina neno kuhusu madera, upungufu ambao tunamsamehe. Kisha mwaka 1826 au 1827 Mfaransa Nicéphore Niépce aliweka kisanduku chake kwenye dirisha la ghorofani, akauacha mwanga ufanye kazi saa nyingi. Mapaa na kuta alizozinasa ndizo picha kongwe ya kamera iliyosalia hadi leo. Andika kwa wino mwekundu: dirishani. Miaka karibu mia mbili baadaye, muuza mikoba wa Sinza analipa dirisha kisogo na kupiga picha kwenye korido, chini ya taa moja inayopepesa. Huo ndio msiba uliotukutanisha hapa.

Pichauzo zote zilizopata kuonekana kwenye stetasi za WhatsApp na kurasa za Instagram, kuanzia Tandika hadi Tegeta, huingia katika jamii sita. Nilipoanza zilikuwa kumi na tisa. Nimezipunguza kwa huruma.

Jamii ya kwanza: Pichagodoro. Hapa mali imelazwa kitandani. Wanafunzi wa juujuu hudhani kitanda ni kitanda, lakini ipo pichagodoro wazi, ambamo godoro linajionyesha bila haya pamoja na lebo yake, na ipo pichagodoro stara, ambamo muuzaji ametandika shuka akidhani ameficha siri, ilhali ncha ya mto imebaki pembeni ikitoa ushahidi. Kati ya hizo mbili imejipenyeza spishi ya hatari zaidi, ya blanketi lenye chui. Jicho la mtu huvutwa na kilicho na mistari, madoa na meno. Ukiweka raba nyeusi juu ya chui, umemweka chui mbele ya raba. Nimeona kwa macho yangu mteja akiuliza bei ya blanketi, na muuzaji akijibu kwa unyonge kwamba blanketi haliuzwi, ni la mama mkwe.

Tiba ya ugodoro inapatikana duka lolote la vifaa vya shule: karatasi mbili za manila, nyeupe. Moja ibandike ukutani kwa gundi ya karatasi, iache iteremke na kujikunja taratibu hadi mezani, bila kuivunja kwa mkunjo. Mstari unaotenganisha ukuta na meza utatoweka, na kiatu kitaonekana kimesimama mahali pasipo na mwanzo wala mwisho. Tao hilo nimelipa jina la mpindomanila. Karatasi ya pili iweke kando. Ina kazi kubwa huko mbele.

Jamii ya pili: Pichaguu. Hapa naomba utulivu, kwa kuwa ni eneo nililolipa miaka yangu bora. Pichaguu hutokea muuzaji anapoweka mali sakafuni, akasimama juu yake, akainamisha simu na kubonyeza. Kwenye ukingo wa chini wa picha hujitokeza kidole gumba cha mguu. Wengi hukiona na kucheka. Mwanazuoni hukiona na kuuliza: cha mguu upi? Kidole cha kulia huashiria muuzaji aliyesonga mbele kwa kujiamini. Cha kushoto huashiria aliyesita. Vikitokea vyote viwili, muuzaji amesimama sawia, yaani mali hiyo ameshakata tamaa nayo.

Wakosoaji wangu, ambao kwa sasa ni shemeji yangu peke yake, wanadai kidole ni kosa na kikatwe. Nasema polepole. Mwanaakiolojia akipiga picha kigae alichokifukua, huweka kando yake kijiti cha vipimo chenye rangi nyeusi na nyeupe, ili mtazamaji ajue ukubwa. Kidole gumba kingefanya kazi ileile kama tungejua ukubwa wake. Kwa hiyo muuzaji asiyeweza kuacha kidole nje ya picha ana wajibu wa kitaaluma kuandika chini: "Mguu wangu ni namba 39." Akishindwa hilo, aweke kando ya mali kitu ambacho kila mteja amewahi kukishika: boksi la kiberiti, sarafu ya shilingi mia mbili, chupa ndogo ya maji. Mkoba ulio kando ya kiberiti hauna siri. Mkoba ulio peke yake juu ya vigae unaweza kuwa wa kubebea ndoo au wa kubebea pete.

Pichaguu ina ndugu wa damu aitwaye Pichakivuli, ambapo mwili mzima wa muuzaji umelala juu ya bidhaa, kichwa, mabega na viwiko viwili vilivyoinua simu. Huyu hupatikana asubuhi na jioni. Saa sita mchana hupungua, na mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua linapopita juu kabisa ya Dar es Salaam, kivuli hujificha chini ya nyayo na kidole hubaki peke yake uwanjani. Usishangilie. Jua la utosini huchoma rangi za vitenge na kutia weusi chini ya kila kola, hata nguo mpya ionekane imefiwa.

Jamii ya tatu: Ukungumafuta. Picha nzima imefunikwa na utando, taa zina miale kama mwezi mchanga wenye homa, na muuzaji anailaumu kampuni iliyotengeneza simu. Lenzi imepakwa mafuta. Upo ukungu wa chipsi, ukungu wa losheni, na ukungu wa mtoto aliyepewa simu atazame katuni. Kipande safi cha pamba laini, pumzi moja ya mdomoni, mizunguko mitatu. Hatua hii haigharimu chochote, na ndiyo sababu hakuna anayeiheshimu.

Jamii ya nne: Pichanjano. Mchana hutoa mwanga wenye kipimo cha Kelvini 5500 hivi. Taa ya manjano ya chumbani iko karibu na 2700. Ukivikutanisha vyote viwili juu ya dera jeupe, upande mmoja huwa wa samli, wa pili huwa wa samawati, na hapo huzaliwa mabishano haya:

"Dada, hilo ni jeupe au krimu?"

"Ni rangi ya maziwa, mpenzi."

"Maziwa fresh au mtindi?"

Usidhani ni uzembe wa Kariakoo. Februari 2015 picha ya gauni moja, iliyopigwa kwa simu huko Uingereza, iliigawa dunia: hawa wakaapa ni jeupe lenye dhahabu, wale wakaapa ni la buluu na nyeusi. Lilikuwa la buluu na nyeusi. Kama muuzaji wake angekuwa anapeleka kwa bodaboda na kupokea pesa mzigo ukifika, angeomba radhi nusu ya sayari. Basi zima taa. Chagua mwanga mmoja ukae nao, kama ndoa.

Jamii ya tano: Pichayatima, ile isiyojua baba yake. Imechukuliwa kwa muuzaji mwingine, ambaye aliichukua kwa mwingine, na kila ilipotumwa kwa WhatsApp ilibanwa kidogo, hadi vifungo vya shati vikawa uji. Nasaba yake husomeka kwa ukungu huo, kama umri wa mti unavyosomwa kwenye pete za gogo. Ushahidi zaidi uko juu ya picha: saa 5:42 usiku, betri asilimia 7, jina la mtandao wa nchi nyingine. Chini kuna namba ya simu iliyofutwa kwa kidole, ambayo tarakimu zake za mwisho bado zinachungulia. Mteja akiagiza kilichomo, ataletewa binamu yake. Ukitaka picha yako mwenyewe imfikie mteja bila kubanwa, itume kama faili la hati. Ikifika safi, wezi nao wataipenda. Sijapata dawa ya hilo.

Jamii ya sita, ambayo maandishi, bei, namba tatu za simu na dua vimefunika bidhaa yote, ni jamii ya mabango. Siijadili.

Sasa dirisha. Mwangadirisha ni mwanga unaoingia kwa ubavu, wa upole, bila jua lenyewe kugusa mali. Likiigusa, nondo za dirisha zitachora mistari na utakuwa umepiga picha ya keki iliyo mahabusu. Tundika pazia jepesi jeupe. Weka bidhaa kando ya dirisha, na upande wa pili simamisha ile manila uliyoambiwa uiache, ili irudishe mwanga kwenye upande wa giza. Kwa taa ndogo kanuni ni kali: ukiongeza umbali mara mbili, mwanga hubaki robo. Dirisha ni pana na hupungua kwa staha zaidi, ila nalo ukilikimbia litakuacha. Usikuze picha kwa vidole viwili, mara nyingi hilo ni kukata tu na kutanua kilichobaki. Sogea kwa miguu. Ndipo miguu inapopata kazi yake halali.

Ili kuthibitisha nadharia hii nilimwendea jirani yangu auzaye maandazi. Nilifika na manila, kipimapembe na daftari.

"Shikamoo mwalimu. Mangapi?"

"Marahaba. Sijaja kununua, mama. Nimekuja kuyapima."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa hesabu ya maji ya mtaa mzima. Nilipanga maandazi matano kwa pembe ya nyuzi 45, nikasogeza manila, nikarudi nyuma hatua moja, nikasogeza tena, nikaandika daftarini. Mvuke ukaisha. Mvuke, mwanafunzi, huonekana vizuri zaidi ukiwa na mwanga nyuma yake na giza nyuma zaidi. Na maandazi yakipoa hakuna kanuni itakayourudisha. Nikaomba yapashwe moto. Alikataa kwa neno moja ambalo halimo katika istilahi zetu.

Wakati nachora jedwali, binti yake wa kidato cha pili alitoka jikoni na sahani ya moto moto, akaiweka juu ya kizingiti cha dirisha, akafuta lenzi kwa ncha ya kanga, akapiga mara mbili, akaweka stetasi, akaenda shule. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilipomwomba mama yake anionyeshe picha hiyo ili niipangie jamii, nilikuta haiingii hata katika moja. Haina godoro, haina guu, haina ukungu, na mvuke umekaa mahali pake. Nimeisajili kwa muda kama hitilafu ya sampuli.

Nilitaka kuichunguza sahani yenyewe, lakini kufikia saa mbili kasoro robo ilikuwa tupu, pamoja na yale matano yangu ya nyuzi 45. Utafiti utaendelea kesho. Nimeambiwa niwahi, na nije na hela.