Viroba vya Lushoto

Mama mkwe alishuka Mbezi na viroba viwili vinavyomzidi kimo mjukuu wake Idi, na kabla hajaitikia shikamoo yangu alikwisha kumkaripia dereva wa bajaji asiviegemee. Ndani mlikuwa na spinachi: ile ya bua nene jeupe na jani pana lenye mikunjo, ndugu wa tumbo moja na bitiruti. Habari zilikuwa zimemfikia Lushoto kwamba shemeji yake, Baba Mdogo, damu iligandia mguuni, kalazwa, katoka, na sasa yuko kwetu Tabata akihudhuria kliniki.

"Mgonjwa wa damu dawa yake majani," alitangaza akiwa bado na mkoba begani. "Hapa mnampa nini?"

"Wali na samaki, Mama. Siku nyingine maharage."

Alinitazama kana kwamba nimesema tunampa mchanga.

Kuanzia kesho yake jiko halikuwa langu tena. Asubuhi chapati za kijani, mchana spinachi ya nazi, usiku spinachi ya karanga, na saa nne glasi ya juisi ya spinachi na ndimu ambayo mzee aliinywa akiwa amefumba macho. Nimpe haki yake: majani anayajua. Hachemshi mboga kisha akamwaga maji, na vitamini C na foleti hupotelea kwenye maji hayohayo. Anakaanga kitunguu na nyanya, anatia mboga, anafunika kidogo tu ilegee, basi. Nazi au mafuta haviachi, na hapo wataalamu wa lishe wako upande wake, maana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A haifyonzwi vizuri bila mafuta. Ndimu nayo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye majani. Chai baada ya mlo aliipiga marufuku, nikanuna, kumbe chai kweli hukizuia chuma hicho.

Walioasi walikuwa wengine. Idi alifikiri paka wa jirani atamsaidia. Paka akanusa, akaondoka, ushahidi ukabaki chini ya kiti. Dada yake Zuhura alidai mwalimu amesema mboga ni mara moja kwa siku. Baba yao akaanza kupata vikao vya jioni kazini, vikao ambavyo mtu hurudi navyo akinukia chipsi. Mama hakujali. Kila wiki kondakta wa basi la Lushoto alipiga simu kwamba mzigo umefika.

Baba Mdogo peke yake alikula kila alichowekewa. Tangu ujana hajawahi kumshinda mke wa kaka yake kwa maneno, na isitoshe alianza kupata choo vizuri, taarifa aliyotupatia yeye mwenyewe, mezani.

Siku ya kliniki nilimsindikiza mimi. Mzee anatumia warfarin, kidonge cha kuzuia damu isigande ovyo, na kila akienda anapimwa INR. Kwake daktari anataka isome kati ya 2 na 3. Safari hii ilisoma 1.4, maana yake damu imerudia tabia ya kuganda upesi.

"Baba, vidonge unameza?" nesi aliuliza.

Anameza, mimi ndiye ninayempa.

"Chakula je, umebadilisha?"

Baba Mdogo alitabasamu kwa fahari, akaanza kuhesabu kwa vidole: ya nazi, ya karanga, chapati, juisi. Alipofika kwenye juisi nesi aliweka kalamu chini.

Ini hutumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu, na kazi ya warfarin ni kuivuruga shughuli hiyo. Sasa nusu kikombe tu cha spinachi hii iliyopikwa kina vitamini K zaidi ya mara mbili ya mikrogramu 120 zinazomtosha mwanaume kwa siku. "Dozi tulimpangia mzee wa wali na samaki," nesi alisema. "Leo umeniletea mzee mwingine."

Lakini mboga hakumkataza. Mzee ana presha, na potasiamu ya majani haya inamfaa. Shida ni kupanda na kushuka. Ale kiasi kilekile kila siku, daktari atapanga dozi kufuata mlo huo, arudi kupimwa wiki ijayo.

Kazi ikawa kumweleza Mama.

"Kwa hiyo mboga yangu ni sumu?" Akaingia chumbani, tukasikia zipu ya begi.

Aliyeokoa jahazi ni mume wangu, ambaye jioni hiyo, kwa bahati, hakuwa na kikao. Alisimama mlangoni akamsimulia habari ya ng'ombe. Februari 1933 huko Wisconsin, Marekani, mkulima mmoja alipita kwenye theluji hadi maabara ya mkemia Karl Paul Link akiwa na mtamba aliyekufa na kopo la maziwa lililojaa damu iliyokataa kuganda. Ng'ombe walikuwa wamelishwa majani makavu yaliyoharibika. Link na wenzake waliitafuta kemikali iliyomo kwa miaka, wakaipata, na kutokana nayo ikaja warfarin, iliyouzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948, kabla ya binadamu kuanza kupewa katika miaka ya 1950.

Mama alitoka. Amefuga maisha yake yote.

"Majani yalikuwa yamevunda?"

"Yalishaota ukungu, Mama."

"Nani analisha ng'ombe majani yaliyovunda?" Alimlaani mkulima yule mpaka chakula kikapoa. Kisha akatulia, akatugeukia na uso wa ushindi. "Mnaona? Hata dawa yenyewe imetokana na majani."

Asubuhi alichukua bakuli la plastiki la Zuhura, akalichora mstari kwa msumari. Hadi hapo, kila mchana, ni ya Baba Mdogo, haizidi, haipungui. Juisi ikafutwa. Mzee akashusha pumzi.

Saa nne simu ikalia: kondakta, mzigo umefika. Mume wangu akauliza, kwa sauti ya chini, zitaliwa na nani sasa.

"Nyie," Mama alisema, akivaa kandambili aende kupokea. "Kuna anayemeza vidonge kati yenu?"