Heko, Mwenye Mbwa

Watu wa mitaa yetu ni wepesi wa kulaumu. Pita Kiwalani alfajiri, kuanzia Bombom mpaka tunakopakana na Yombo, usikie wanavyomsema mwenye mbwa: mjeuri, hana haya, hajali watu. Sijasikia hata mmoja akisimama kumsifu, nami naona anadhulumiwa, maana katika kata nzima sijaona mtu mkarimu kama yeye.

Wenye mali wengine ni wachoyo. Mwenye gari hulifunga, mwenye kuku huwahesabu jioni. Yeye ana mbwa watatu, na ikifika saa nne usiku geti linafunguliwa, mbwa wanakuwa wa mtaa mzima. Mama wa vitumbua anayewasha jiko saa kumi anao. Kijana wa bodaboda anayerudi na hesabu ya bosi anao. Anayewahi swala ya alfajiri ndiye anao zaidi, kwa sababu humsindikiza hadi karibu na mlango wa msikiti wakiwa wamemshika kanzu. Wahenga walionya kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Kiwalani hata usipocheza naye mnafika pamoja.

Getini ameandika kwa rangi nyekundu: MBWA MKALI. Kibao kiko nje. Mbwa naye yuko nje.

Kwenye chakula pia hataki kuwanyima majirani thawabu. Mbwa wake wanakula jalalani, wanakula kwenye ndoo ya mama lishe, na siku wakijisikia wanatembea hadi Vingunguti, machinjioni, wanarudi wakiburuta kitu kirefu ambacho hakuna anayetaka kukitazama mara mbili. Kinaachwa mlangoni kwako. Yeye mwenyewe hajanunua hata dagaa wa kuwapa, maana mbwa akishiba, anasema, halindi.

Lakini kipaji chake hasa ni elimu ya umiliki, ambayo mawakili wangepaswa kuja kujifunza kwake. Mwizi akiruka ukuta akakimbizwa, mbwa ni wake. Atakusimulia mpaka chai ipoe. Jike akizaa kwenye pagala la jirani, vile vitoto ni vya Mungu: madume yatachukuliwa na watu, majike yatakusanywa kwenye boksi na kuachwa kando ya mtaro, mvua ikiwakuta basi. Mtoto wa mtu aking'atwa, mbwa ni koko, hajawahi kumwona maishani, ingawa mbwa huyo amekaa miguuni pake anatikisa mkia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze. Anaitii kwa njia nyepesi kuliko sote: hana mnyama.

Baada ya jino kuingia, mtaa mzima unageuka chuo cha tiba. Mmoja analeta chumvi, mwingine mafuta ya taa, wa tatu anataka unywele wa mbwa yuleyule uchomwe, majivu yapakwe jerahani. Anatokea na wa kukumbusha kwamba mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni ya chombo na nguo, ndugu yangu. Kidonda kinataka maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, kinachobaki ni kuita ndugu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kinaua watu 59,000 kwa mwaka, na kwamba katika kila watu 10 wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wasiofika miaka 15.

Hospitali sindano zinaanza, na daktari anauliza: mbwa yuko wapi? Si swali la umbea. Mbwa aliyeng'ata hufungwa na kuangaliwa siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, basi siku aliyong'ata mate yake hayakuwa na virusi, na sindano zilizobaki zinaweza kusitishwa. Sasa tazama huruma ya bwana wetu: hataki mbwa achunguzwe kama mhalifu. Usiku anamtia kwenye kiroba, anampakia kwenye bodaboda, anakwenda kummwaga njia ya dampo la Pugu Kinyamwezi. Kwa hiyo mtoto anapata sindano zote, halikosekani hata tone, baba yake anapata madeni, na watu wa Pugu wanapata mbwa.

Ulimwengu haujui kushukuru watu wa namna hii. Mwezi Julai 1885 Louis Pasteur alimpa chanjo Joseph Meister, mvulana wa miaka tisa aliyeng'atwa na mbwa, na mpaka leo tarehe aliyofariki Pasteur, 28 Septemba, ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mwenye mbwa yule nani anamkumbuka? Bila yeye Pasteur angemchoma nani?

Siku za kampeni ya chanjo maofisa mifugo huweka meza chini ya mti, na wanaokuja ni watoto, kila mmoja anavutana na mbwa kwa kipande cha kamba. Bwana wetu haji. Mbwa wake hawakamatiki, anasema, na analisema kwa fahari. Wataalamu wameshaeleza kwamba ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Yeye amejitolea kubaki kwenye wale 30. Pemba walikosa watu wa aina hii wa kutosha. Walichanja mbwa mpaka kichaa kikatoweka kisiwani, mwaka 2016 kikapenya tena kutoka nje, wakachanja upya mpaka kikaondoka. Kisiwa cha watu wasio na hadithi za usiku.

Ukali wenyewe, niseme ukweli, mbwa hakuzaliwa nao. Anashinda mchana kutwa amefungwa waya mfupi juani, bila maji, watoto wakimtupia mawe kupitia upenyo wa geti, na wapo wanaoamini kwamba pilipili kwenye ugali humwongezea moyo. Ningekuwa mimi, kanzu ya kwanza ningeanza na ya bwana mwenyewe.

Tangu safari ile ya Pugu amebaki na wawili, na juzi alikuwa akiulizia kitoto kingine, dume, cha mbegu ya Kijerumani. Nimekusudia kwenda serikali ya mtaa kupendekeza uchochoro wetu upewe jina lake. Mjumbe ameniuliza nina hakika gani kwamba atakubali. Kwa kweli sina. Siku mtu akijikwaa humo usiku akavunjika mguu, atasema uchochoro si wake.