Jinsi ya Kufuatilia Stesheni Mpya ya Nairobi Ukiwa Buna

Kwanza tafuta netiweki. Mtu wa Nairobi akitaka kujua kazi ya stesheni kuu imefika wapi, hupita pale akielekea kupanda matatu, akachungulia kidogo, akaenda zake. Wewe uko Buna, kaskazini mwa Wajir, na stesheni ya reli iliyo jirani yako ni Nanyuki, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Basi panda palipoinuka, nyanyua simu, usubiri picha ya mchoro wa stesheni mpya ifunguke. Itaanzia juu: anga la buluu, kisha paa. Ikigoma kwenye paa usikasirike. Hilo paa tutalirudia.

Ukingoja, jikumbushe historia. Reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, maili ya 327 kutoka Mombasa, mahali ambapo Wamaasai walikuwa wakinywesha ng'ombe. Mji haukuwepo, reli ndiyo iliyouzaa. Kwa hivyo mtu akikwambia Buna haiwezi kupata reli kwa kuwa si mji mkubwa, mkumbushe hilo kwa upole, kisha mnywe chai, maana inapoa.

Pili, lijue jiwe la msingi. Desemba 2022 Rais William Ruto, akiwa na James Cleverly, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza wakati huo, alizindua ujenzi wa stesheni kuu mpya, moyo wa mradi wa Railway City wenye ekari 425. Mwingereza aliyeijenga reli ya kwanza amerudi na michoro. Wakazi wa Nairobi walishangilia au walinuna, kila mtu na chama chake. Sisi tulitulia, kwa sababu katika fani hii tuna ujuzi wa miaka. Kwetu jiwe la msingi huota hata mwaka ambao mvua ya Gu imekosa. Siku ya uzinduzi huvikwa pazia. Likishazoeleka, mbuzi hujikunia mgongo.

Na tuna reli yetu pia, msituonee huruma. Tarehe 2 Machi 2012 Mwai Kibaki, Meles Zenawi na Salva Kiir walikutana Lamu kuzindua LAPSSET: bandari, barabara, bomba la mafuta, na reli itakayopita Isiolo na kufika Moyale, hapo jirani. Bandari ilipokea meli mwaka 2021. Reli bado iko kwenye ramani, imenyooka, safi, haijawahi kuchelewesha abiria hata mmoja. (Waitaliano walifika Buna mwaka 1940 wakitokea Moyale, vitani, bila reli wala upembuzi yakinifu. Anayetaka kufika hufika.)

Tatu, kama mtu akikuuliza stesheni ya Nairobi inakuhusu nini, mwoneshe chupa yako ya chai. Tangu mwaka 2013 bidhaa zinazoingizwa nchini hutozwa ada ya maendeleo ya reli, iliyoanza kwa asilimia 1.5. Chupa hiyo ilitoka China kupitia Mombasa, na wewe ukachangia reli kila ulipomimina. Ila kama ilivuka mpaka usiku juu ya punda, usimwoneshe. Mwoneshe tochi.

Nne, ukichoka na simu, nenda mwenyewe. Yaani nenda Kenya, kama wazee wetu wanavyosema bado. Utapanda lori hadi Moyale, ukae juu ya magunia, kisha basi la usiku: Marsabit, Isiolo, mteremko, baridi. Njiani kuna vizuizi. Shuka, panga foleni, kitambulisho mkononi. Utaulizwa unaenda wapi, na hapa ndipo wengi huharibu. Usiseme ukweli. Hebu jisikilize: saa nane usiku, kijana wa kaskazini, jina refu la mababu watatu, unamwambia afande kwamba umesafiri kilomita 700 na zaidi ili *ukaangalie stesheni ya treni*. Husafiri nayo? La, naangalia tu. Inajengwaje, milango iko upande gani. Basi litaondoka bila wewe. Sema una mgonjwa hospitalini. Kila mtu wa huku ana mgonjwa Nairobi, na mara nyingi ni kweli.

Kwa sababu hiyo hiyo, ukifika usipige picha. Picha za maendeleo hupigwa na watu wenye kofia za plastiki. Wewe tazama kwa macho, ukisogea sogea kama mtu aliyempoteza shangazi. Nenda jioni, watu wakitoka kazini. Utaona treni za Ruiru, Embakasi na Syokimau zikijaa hadi mlangoni, mama amebeba viatu vizuri kwenye mfuko na kuvaa vya plastiki. Utaona pia mabehewa yaliyonunuliwa Hispania mwaka 2020 yakiwa yameshatumika, jambo ambalo mtu aliyezoea mitumba hawezi kulidharau. Mgeni wa Mombasa huja kwa reli mpya ya milimita 1,435 mpaka Syokimau, hapo akahamisha mabegi aingie treni ya reli ya zamani, milimita 1,000, ndipo afike katikati ya mji. Wenyewe hulalamika. Wewe uliyehama kutoka lori kwenda basi utajihisi nyumbani.

Ukirudi utatakiwa kutoa ripoti. Mimi niliitoa hotelini, mbele ya mjomba wangu, glasi ya chai ya maziwa ya ngamia mkononi. Nikamfungulia ule mchoro wa stesheni mpya. Akauvuta kwa vidole viwili, akapita vioo, akapita miti, akapita watu wembamba wasiobeba mzigo wowote. Akasimama kwenye paa.

"Abti," akaniambia, maana mjomba na mpwa huitana hivyo, "hili lina upana gani?"

Nikamwambia sijui, lakini ni kubwa, labda kuliko soko letu lote.

"Na Nairobi mvua inanyesha?"

"Inanyesha, abti. Mpaka barabara zinafurika."

Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Barka yake, lile tangi la ardhini la kukingia maji ya mvua, hujaa kwa mvua mbili nzuri, na huiona mvua nzuri akiwa na bahati.

"Maji yake yanaenda wapi?"

Nikaichukua simu, nikaivuta picha pembe zote nne kutafuta gata.