Montreal, Kigali na Basi Langu

Basi langu ni la harusi na misiba. Lilitengenezwa Japani mwaka 1991, na kiyoyozi chake kilizaliwa kikitumia R12, ile gesi ambayo mwaka 1987 mataifa yalikutana Montreal yakakubaliana ipunguzwe kidogo kidogo, kwa kuwa klorini yake inakula tabaka la ozoni. Ozoni naiheshimu. Ninachouliza ni kwa nini bili imeletwa kwangu, Gerezani, Dar es Salaam.

Kompresa ilikufa wiki ya harusi. Haijawahi kuumwa wiki isiyo na kazi. Dereva akatoa kauli ya taifa: "Mzee, gesi tu imeisha." Nimeichoka kauli hiyo. Gesi ya AC si dizeli. Inazunguka humo humo ndani ya mabomba miaka nenda rudi, na ikipungua ujue imepata pa kutokea. Lakini mjini hapa kila AC isiyopoza imeishiwa gesi, na kila mwenye mtungi na geji ni fundi. Wa kwanza alitaka kunijazia 134a, gesi iliyorithi kiti cha R12, juu ya mabaki ya R12, juu ya oili ya zamani, tupeane mikono nijiondokee.

Nikampata fundi wa kweli, na hapo ndipo gharama zilipoanza. Fundi wa kweli anaeleza. Kompresa, akasema, inalainishwa na oili inayosafiri na gesi: zinatoka pamoja, zinarudi pamoja. Oili ya zamani ilipatana na R12, ila na 134a haichanganyiki. Inabaki imetuama huko kwenye evaporeta, na kompresa mpya inajisaga kikavu mpaka ife. Kwa hiyo oili ya esta. Kwa hiyo kuosha mabomba, maana marehemu alimwaga vumbi la chuma kila kona. Kwa hiyo draya mpya na oringi mpya. Kwa hiyo hata vichwa vya kujazia gesi vibadilishwe, vimefanywa tofauti makusudi ili watu wa mikono myepesi wasichanganye. Kila "kwa hiyo" ilikuja na risiti yake.

Nikatafuta ahueni kwenye kompresa ya mtumba. Muuzaji akaizungusha kwa mkono: "Sikiliza mashine hiyo, mzee wangu!" Nikasikiliza. Sikusikia kitu, kumbe ndiyo sifa yenyewe. Fundi akaikataa kwa kuitazama tu: matundu yalikaa wazi bila vizibo, na unyevu wa Dar umeshahamia humo. Nikanunua mpya. Naomba tusiijadili bei.

Kisha akaunga pampu ya kuvuta hewa, ikanguruma, ikanguruma. Lazima hewa yote itoke na presha ishuke hadi unyevu uliojificha uchemke wenyewe utoke. Utingo akauliza mbona hakuna kinachoingia. Swali zuri. Nimelipia mengi katika maisha haya, lakini kulipia utupu ni jambo geni kwangu. Na gesi ilipowekwa, ikawekwa pungufu ya ile ya zamani kwa uzito, ndivyo inavyotakiwa, utingo akawa anadai "ongeza, fundi!" kama yupo kwenye mizani ya nyama.

Linapoza, sikatai. Ila kandensa ni ile ile ya enzi za R12, na jua likiwa kali presha ya 134a inapanda kuliko ilivyokuwa ya R12, hivyo foleni ya Kimara saa nane mchana AC inahema kama sisi. Siku ya harusi yenyewe lilipoza barabara. Shangazi wa bwana harusi akaagiza izimwe, magoti yake hayataki baridi, akafungua dirisha.

Sasa mwanangu wa chuo ananiarifu kwamba mwaka 2016 mataifa yalikutana tena, yakakubaliana gesi za ukoo wa 134a nazo zipunguzwe. Ozoni 134a haiigusi, lakini kilo yake moja ikivuja inapasha dunia joto kuliko kilo elfu moja za kaboni dioksidi. Montreal niliwasamehe, kule theluji, wangejuaje shida zetu? Lakini mkutano huu ulifanyika Kigali! Hapo jirani, watu tunaozikana! Hata kunidokeza?

Mkutano ujao naomba ufanyike ndani ya basi langu, viti vya nyuma, foleni ya Kimara, mwezi wa pili. Nauli nitawasamehe. Gesi waje nayo.